Injini inakata ikifika 5,900: anza kwenye jino, kompyuta ngoja kwanza

Swali limetoka kwa kijana wa Malindi, na nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Nina Corolla ya AE110 niliyoitia injini ya 4A-GE ya valvu 20, ile ya kofia nyeusi. Distributa nimeing'oa. Nimechomea gurudumu la meno 36 kasoro 1 kwenye puli ya krenki, nikaweka sensa ya Ford ya waya mbili, koili za kuwasha plagi mbilimbili, na kompyuta ya Speeduino. Mpaka mizunguko 5,800 kwa dakika gari ni chui. Ikigusa 5,900 inakata kama mtu kazima swichi, halafu inarudi. Sensa nimebadilisha mara mbili, plagi nimebadilisha, pampu ya mafuta nimebadilisha. Nikifunga taimingi ya cheche kwenye digrii 10 na kupiga taa ya taimingi, kwenye 1,000 naona 10, kwenye 4,000 naona 5. Rafiki mmoja aniambia ninunue kompyuta ya bei kubwa, mwingine asema nitumiwe faili lililo tayari kutoka Nairobi. Nataka ifike 8,000. Pesa imebaki kidogo. Nianze wapi?"

Marahaba, mwanangu. Hiyo pesa iliyobaki irudishe mfukoni kwanza. Jawabu umeliandika mwenyewe ndani ya swali: ile alama ya puli inayorudi kutoka 10 hadi 5. Faili la Nairobi haliwezi kuiponya, maana aliyelitengeneza hajui gurudumu lako limechomewa vipi. Na kompyuta ya bei kubwa itadanganywa na sensa ileile.

Mimi mambo haya niliyaonja kwanza kwenye mashine za boti. Ivue mashine ya boti ya petroli lile gurudumu zito la juu, chini yake utakuta koili ndogo imejibanza. Sumaku za gurudumu zikipita mbele yake, umeme mdogo unaruka, na cheche inajua wakati wake. Mvuvi hana kompyuta wala laptopu, lakini koili ile ikiingia chumvi, mashine inakufa katikati ya maji. Gari lako ni hilohilo, ila meno ni mengi na kuna mtu anayeyahesabu.

Tuangalie huyo mtu anahesabu nini. Gurudumu la 36 kasoro 1 lina meno 35 na pengo moja. Kila jino ni digrii 10 za krenki. Kompyuta haioni pistoni wala valvu. Inaona jino, jino, jino, halafu muda mrefu mara mbili. Hapo inasema "nimejua nilipo" na kuanza kuhesabu upya. Kwenye 8,000, krenki inamaliza mzunguko kwa milisekunde 7.5, na meno karibu 4,670 yanapaswa kupita mbele ya sensa kila sekunde. Digrii moja ni kama maikrosekunde 21 tu, yaani sehemu 21 za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Jino moja likikosekana, au kelele ya umeme ikijifanya jino, hesabu imevurugika. Kompyuta yenye akili haitoi cheche mahali isipopajua, kwa hiyo inanyamaza mpaka ione pengo tena. Huko kunyamaza ndiko wewe unakokuita kukata kama swichi. Mafuta yakipungua, gari hulegea na kukohoa kwanza. Likikata ghafla na kurudi ghafla, hesabu imepotea.

Hakikisha kwa macho yako. Fungua TunerStudio, ile programu ya laptopu ya kurekebishia kompyuta yako, tafuta kaunta ya kupoteza hesabu, rekodi huku unapanda mpaka ikate. Kaunta ikiruka palepale gari linapokata, achana na pampu za mafuta.

Sasa hiyo alama inayorudi. Sensa ya waya mbili ni sumaku iliyozungushiwa koili, haihitaji kupewa umeme. Jino likikaribia, volti inapanda upande mmoja. Jino likiwa katikati kabisa ya sensa, volti inaanguka kwa kasi na kukata sifuri kwenda upande wa pili. Jino likiondoka, inarudi polepole. Ule mwanguko mkali wa katikati ndio tunaoutaka, kwa sababu hauhami hata injini ikimbie vipi. Ukizigeuza waya mbili, wimbi linapinduka, na kompyuta inashika ile sehemu ya kurudi polepole, kati ya jino na jino. Sehemu hiyo haina makali. Mwendo ukibadilika inasogea, na pale kwenye pengo inavutika kabisa kama mpira wa manati. Injini inawaka, inatembea, hata inapendeza, lakini taimingi inahama na juu huko hesabu inapotea. Sensa uliyobadilisha mara mbili ilikuwa nzima mara zote mbili. Kila mpya uliifunga kwenye soketi ileile, na kosa likabaki vilevile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina gharama: badilisha waya mbili za sensa, ya kushoto iende kulia. Ukimaliza, taimingi ya chini itakuwa imehama digrii kadhaa, usishtuke. Funga digrii 10 kwenye programu, piga taa, rekebisha pembe ya gurudumu humohumo kwenye programu mpaka alama isome 10. Kisha panda 2,000, 3,000, 4,000, ukiandika kila unachokiona. Ikikaa kwenye 10 kote, umeshapona nusu ya ugonjwa. Ikiwa bado inarudi lakini kwa mpangilio, tuseme digrii 1 kwenye 2,000 na 2 kwenye 4,000, hapo ni ucheleweshaji wa kawaida wa vifaa: muda ni uleule, ila krenki inakwenda mbali zaidi ndani yake. Kuna mahali pa kuandika huo muda kwenye programu, na kompyuta inaufidia. Lakini digrii 5 kwenye 4,000 ni zaidi ya maikrosekunde 200. Hiyo ni nyingi mno kuiita ucheleweshaji wa vifaa.

Kabla ya kuiamini alama yenyewe, ihakiki. Puli nyingi za injini hizi zina mpira kati ya pete ya nje na kitovu, na mpira wa zaidi ya miaka 20 huteleza. 4A-GE ina plagi katikati ya silinda, inakurahisishia. Toa plagi ya silinda ya 1, tengeneza kizuizi kutoka kwenye plagi mbovu iliyotobolewa na kuwekwa boliti, kifunge, zungusha krenki kwa spana kwa mkono mpaka pistoni iguse taratibu. Weka alama kwenye puli. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndiko kilele cha kweli cha pistoni. Niliwahi kukuta puli imeteleza digrii 7, na mwenye gari alikuwa amekesha wiki nzima anarekebisha jedwali la moto, yaani la wakati wa cheche.

Ukishageuza waya, rudi kwenye gurudumu. Umesema umelichomea. Nani alilikereza baada ya kulichomea? Moto wa kuchomea huvuta chuma, na gurudumu lililonyooka mezani hutoka limepinda kwenye puli. Chukua fila geji, weka nafasi ya sensa kama milimita 0.8, halafu zungusha krenki kwa mkono ukipima kila baada ya meno machache. Ukikuta 0.6 upande mmoja na 1.0 upande mwingine, mawimbi ya meno hayatalingana hata kidogo. Chipu ya MAX9926, ambayo utaikuta kwenye bodi nyingi za namna hii, hujiwekea kizingiti cha kama theluthi ya kilele cha mawimbi yaliyotangulia. Jino dogo likija baada ya mawimbi makubwa, linapita chini ya kizingiti na halihesabiwi. Ipeleke puli nzima kwa mkereza vyuma, aifunge kwa kitovu chake, akereze ncha za meno mpaka ziwe duara moja na krenki. Mtafute mwenye mashine nzito na subira.

Programu ina chombo cha kuchora meno. Kila jino ni mstari, na urefu wa mstari ni muda kati ya jino na jino. Unachotaka kuona ni mistari 34 inayolingana na mmoja mrefu mara mbili. Ukiwa unapiga stata tu utaona mawimbi mawili ya kupanda na kushuka katika kila mzunguko, hiyo ni mibano ya silinda, ni kawaida. Lakini injini ikiwa 3,000 na bado unaona wimbi moja kubwa kwa kila mzunguko, gurudumu limekwenda upande. Na ukiona mstari mfupi umejichomeka kati ya miwili ya kawaida, hiyo ni kelele ya umeme inayojifanya jino.

Hapa nikiri kosa langu. Gari langu la kwanza la kujaribu mambo haya lilikuwa likikata kwenye 6,200, kila mara, hata uende gia gani. Niligeuza waya, nikabadilisha kebo, nikanunua chipu nyingine. Mwishowe nilishika kishikio cha sensa kwa vidole huku injini inanguruma, nikakisikia kinatetemeka kama waya wa zeze. Nilikuwa nimekikata kwenye bati la milimita 2, kirefu, kikining'inia upande mmoja. Kwenye 6,200 mtetemo wa injini ulikutana na mtetemo wa bati, sensa ikawa inacheza mbele ya meno. Nilikichomea mbavu ya pembetatu, nikakishika kwa boliti mbili, na 6,200 ikapita kimya. Ukiona gari linakata kwenye namba ileile siku zote, nenda kashike kishikio. Kifanye kifupi na kinene, na kishike kwenye bloku yenyewe. Kikishikwa kwenye kava la plastiki au kwenye alteneta hakitatulia.

Kuhusu kelele, sisi watu wa pwani tuna adui wetu. Upepo unaotoka baharini upande wa Casuarina una chumvi, na chumvi hiyo hailali. Fungua athi yoyote ya gari lililokaa Malindi miaka mitano utakuta kijani chini ya boliti. Athi mbovu ya bloku hulazimisha umeme wa koili utafute njia nyingine ya kurudi nyumbani, na mara nyingi njia hiyo ni kupitia waya za sensa. Safisha chuma mpaka king'ae, kaza, halafu paka grisi juu yake baada ya kukaza. Athi ya sensa zote irudi kwenye kompyuta yenyewe, isikamatwe kwenye bloku. Waya wa sensa ya krenki uwe na wavu wa kukinga, na wavu huo ushikwe athi upande mmoja tu, wa kompyuta. Ukiushika pande zote mbili umeufungulia umeme wa athi njia ya kuzunguka ndani ya wavu. Usiupitishe sambamba na waya za plagi, na plagi ziwe za aina yenye rezista. Ukishafanya yote hayo na hesabu bado inapotea juu tu, weka rezista ya ohmu 10,000 kwenye kila waya wa sensa karibu na bodi. Sensa hii hutoa volti ndogo sana kwenye stata na makumi ya volti kwenye mwendo mkubwa, na mlango wa chipu unaweza kulemewa. Ukiona sasa gari halisomi meno wakati wa stata, rezista ni kubwa mno, punguza.

Umeuliza pembeni kama sensa ya waya tatu ni bora. Hiyo hupewa umeme na kutoa ishara ya mraba yenye volti ileile, mwendo wowote, kwa hiyo ina raha yake kwa mtu anayeanza. Lakini inachoka na joto kuliko hii, inataka rezista ya pulapu, ya kuinua volti ya ishara, na juu ya gurudumu lililopinda itapoteza hesabu vilevile. Sikuoni ukiihitaji.

Jambo moja ulilofanya vizuri, na nataka ujue kwa nini, ni kuachana na distributa. Ndani ya distributa ya Toyota mna gurudumu la meno 24 linalozungushwa na kamshafti, yaani digrii 30 za krenki kati ya jino na jino, na kamshafti yenyewe inavutwa na belti inayonyumbuka. Halafu kuna hesabu ya koili. Koili moja ikihudumia silinda 4, kwenye 8,000 inatakiwa kutoa cheche kila baada ya milisekunde 3.75. Koili ya kawaida inataka kama milisekunde 3 kujaa, na cheche nayo inataka muda wake wa kuwaka. Hakuna nafasi. Kwa koili zako za plagi mbilimbili, moja kwa silinda 1 na 4, nyingine kwa 2 na 3, kila koili ina milisekunde 7.5 za kupumua. Hapo ndipo 8,000 inapowezekana bila moto kunyauka. Usiandike muda wa kujaza mkubwa kuliko koili inavyotaka, itakaangika.

Hilo la pengo la gurudumu: lisikae mbele ya sensa wakati pistoni iko kileleni. Hapo krenki inapunguza mwendo kwa ajili ya mbano, na kompyuta inaweza kuchanganya kupungua huko na pengo. Liache mbali, digrii 60 mpaka 90 kabla ya kilele.

Meno yakitulia ndipo tuongee kurekebisha. Injini yako ina throtili 4, yaani milango ya hewa, moja kwa kila silinda. Kiwandani Toyota waliipa hii ya kofia nyeusi sensa ya presha ya hewa, tofauti na ile ya kofia ya fedha iliyopima hewa kwa kibao. Lakini ukizifungua throtili hizo robo tu, presha imeshakaribia ya nje, na kutoka hapo mpaka mwisho wa pedali sensa haioni tofauti. Kwa hiyo tumia nafasi ya pedali kuwa kipimo cha mzigo kwa sehemu ya juu, na presha kwa sehemu ya chini kama programu yako inaruhusu kuchanganya. Linganisha throtili zote 4 zivute sawa kabla ya kugusa jedwali la mafuta. Silinda moja ikivuta zaidi, huwezi kuirekebisha kwa namba.

Pesa yako sasa ndiyo itoke mfukoni: nunua sensa ya oksijeni ya wigo mpana, Bosch LSU 4.9 na kidhibiti chake. Ile ya zamani ya waya moja inajua kitu kimoja tu, kama uko juu au chini ya 14.7, yaani uzito wa hewa 14.7 kwa mafuta 1. Kwenye pedali ya mwisho unataka 12.6 mpaka 12.8, na haitakwambia.

Jedwali la moto lianze likiwa la woga. Ikinguruma bila mzigo, digrii 12 mpaka 15. Pedali ya mwisho kwenye 3,000 anza na 18, ipande taratibu mpaka 24 kwenye 7,000. Ongeza digrii moja moja. Ukiongeza na gari halikuvuta zaidi, rudi ulikotoka, usikae pale kwa sababu tu halijagonga. Injini hii ina mbano wa 11 kwa 1, na mchana wa Malindi wakati wa kaskazi hewa inayoingia ni ya moto. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, ondoa mguu.

Wala usiende kujaribia barabara ya Mambrui usiku. Daraja la Sabaki na bodaboda zisizo na taa si mahali pa kutazama laptopu. Gia ya 2 inatosha: hata kwenye 8,000, kwa giaboksi nyingi za aina hii, hutavuka sana kilomita 100 kwa saa. Tafuta mahali peupe asubuhi, uwe na mwenzako wa kushika laptopu, vuta mara moja, simama, soma rekodi, rekebisha, vuta tena.

Na 8,000 yenyewe? Pistoni ya 4A-GE inatembea milimita 77 kwenda na 77 kurudi. Kwenye 8,000 hiyo ni wastani wa mita 20.5 kwa sekunde, na Toyota waliipa injini hii nguvu zake za juu, farasi 165, kwenye 7,800. Yaani huombi muujiza, unaomba ilichozaliwa nacho mwaka 1995. Lakini imekuja kwenye kontena na hujui imekimbia kilomita ngapi. Belti ya taimingi, oili na kichujio, vibadilishe kabla hujavuka 6,000. Kizuizi cha mizunguko kiweke 6,800 kwa sasa. Kaunta ya kupoteza hesabu ikikaa sifuri siku kumi mfululizo, kipandishe 7,400, na nitumie ile picha ya meno ukiwa kwenye 7,000.